Jirani Akipigwa: Namna ya Kumfikisha Nyumba Salama

Mwanamke anayepigwa na mumewe mara nyingi hazisikii habari za nyumba salama redioni. Huzipata kwa msusi wake, kwa mama anayeuza naye ndizi soko la Mbuyuni, kwa nesi wa kliniki ya watoto, au kwa dada wa kazi wa nyumba ya pili. Ndiyo maana nayaandika haya kwa ajili yako wewe uliye karibu naye. Kati ya chumba anachopigiwa na kitanda kinachomsubiri kwenye hifadhi kuna safari, na wenye mashirika hawawezi kumwanzishia safari hiyo. Huanzishwa na jirani. Na mara nyingi jirani huyo huyo ndiye anayeiharibu, tena kwa nia njema kabisa.

Nachukua mfano wa Kilimanjaro. Moshi lipo shirika la KWIECO, lililoanza mwaka 1987 likiwapa wanawake elimu na msaada wa kisheria. Mwanasheria Elizabeth Minde ni miongoni mwa waasisi wake. Lakini mama akipewa ushauri mzuri wa sheria saa nane mchana, kisha jioni akarudi kulala pale pale alipopigwa, hajasaidiwa sana. Leo shirika hilo lina nyumba ya hifadhi, iliyochorwa na wasanifu majengo wa kike kutoka Ufini, ambamo mama hupokelewa na wanawe na kupata mshauri na mwanasheria. Mwanza kuna Kivulini, walioanza 1999. Mkoani Mara, Rhobi Samwelly na wenzake wa Hope for Girls and Women wanaendesha nyumba Mugumu na Butiama, hasa kwa mabinti wanaokimbia ukeketaji. Maeneo mengine nayo yana mashirika yao. Kazi yako ya kwanza, hata kabla hujaona jicho la mtu limevimba, ni kujua shirika lililo karibu nawe ni lipi na linapatikana kwa njia gani. Usitafute ramani, kwa kuwa nyumba salama inayojulikana na kila dereva wa bodaboda imekwisha kazi yake. Tafuta ofisi na namba ya simu.

Mjini, mwanamke akipiga yowe usiku hutoka wapangaji, watu baki. Kihambani, kwenye shamba la ukoo, ni tofauti. Mke aliyeolewa kule juu Marangu, Machame au Rombo anaishi katikati ya ukoo wa mumewe: wa kulia ni shemeji, wa kushoto ni baba mdogo, na nyumba ya chini migombani ni ya mama mkwe. Wanaokuja kuamulia ni ndugu wa mpigaji. Wataamulia kweli, watamkemea kidogo, watasema ni pombe ya mbege tu, kisha kila mtu atarudi kwake kulala. Kwa hiyo usiseme “si ana majirani?” Huenda wewe unayeuza naye sokoni, au mwalimu wa mwanawe, ndiye mtu wa kwanza kabisa ambaye hana udugu na huyo mwanamume.

Wala usidhani humjui mtu wa namna hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wa Tanzania Bara na Visiwani, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu watimize miaka 15.

Muulize akiwa peke yake

Msusi anaona kisichoonwa na wengine. Mteja akiinamisha kichwa asukwe kisogoni, nywele zilizong'oka zinaonekana, na alama za vidole shingoni zinaonekana. Msusi mwenye busara hasemi kitu pale, maana kwenye benchi wamekaa watu watatu na mmoja wao ni wifi yake mteja. Anangoja wakati wa kulipa, anamwambia kwa sauti ya chini: “Mama Neema, pole na shingo. Sikuulizi mbele za watu. Siku ukitaka kuongea, njoo jioni nikishafunga.” Hapo inatosha. Mama Neema anaweza kucheka na kusema aliangukia ndoo. Mwache na ndoo yake. Anaweza kurudi baada ya wiki, au baada ya mwaka, lakini atarudi kwa aliyemwona na kunyamaza.

Akianza kusimulia, kuna maneno matatu ya kuyameza. La kwanza ni “Kwani ulimfanyaje?” Swali hilo peke yake linamrudisha nyumbani. La pili ni “Vumilia, watoto bado wadogo,” ambalo ameshaambiwa na mama yake mzazi, na padri, na kungwi. La tatu linasemwa na sisi tunaojiona tumesoma: “Mimi ningekuwa wewe ningeshaondoka zamani.” Linamwambia kwamba yeye ni mjinga, na atakuwa na aibu ya kukueleza mara nyingine. Badala yake mwambie unamwamini, kwamba kosa si lake, kisha umuulize anachotaka yeye. Labda hataki kuondoka. Anataka tu mahali pa kukimbilia mwisho wa mwezi, mume anapolipwa mshahara na kunywa. Basi anza na hapo.

Usimpe karatasi wala kipeperushi aende nacho nyumbani. Mpe namba akariri, au aihifadhi kwa jina la fundi cherehani.

Kuna maswali mawili ambayo lazima uyaulize hata kama hataki habari ya kuondoka. Je, mumewe amewahi kumkaba? Na je, amewahi kusema atamuua? Roba si kofi lililozidi kidogo. Mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa baadaye kuliko yule aliyepigwa bila kukabwa, na mara nyingi shingo haionyeshi alama yoyote. Sauti ikikwaruza, akimeza mate kwa shida, macho yakiwa na vidoa vya damu, au akisema alijikojolea bila kujua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na daktari aambiwe waziwazi kwamba alikabwa. Hali inaweza kumbadilikia saa nyingi baadaye, akiwa amelala. Panga lililowekwa chini ya godoro, ujauzito, na wivu wa kumfuatilia kila anapokwenda ni dalili nyingine za kukufanya uache maneno ya “tutaona”.

Kumwandaa bila kelele

Wakati wa hatari kuliko yote ni pale mwanamume anapojua kwamba mkewe anaondoka, na majuma machache yanayofuata. Watu wengi hawalijui hili. Ndiyo maana namkataza jirani asiende kumfokea mume, asimtishie polisi ambao hajawaita, na asimwambie kwa hasira “tutamchukua dada yetu.” Wewe utarudi kwako. Yeye ndiye atakayebaki naye usiku ule.

Sanduku lisifungwe. Vitu vitoke kimoja kimoja, kama mtu anayepeleka nguo kwa fundi, vihifadhiwe kwa mtu asiyetembelewa na mume. Kwanza karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho cha taifa au angalau namba ya NIDA, kadi ya bima, kadi ya benki, ripoti za shule. Kama kuna hati ya kiwanja au mkataba wa mauziano, apige picha na kuirudisha pale pale ilipokuwa, kwa sababu karatasi hiyo ikikosekana kabatini ndiyo itakayopiga mbiu. Kisha dawa zake za kila siku, za presha au ARV, za wiki kadhaa. Sare moja ya shule kwa kila mtoto. Pesa kidogo kidogo za nauli, ziwe taslimu. Na ufunguo wa akiba.

Watoto wadogo wasiambiwe. Si kwamba hawaaminiki. Mtoto wa miaka mitano atamwaga kila kitu kwa bibi yake kwa kujivunia safari. Mkubwa anaweza kufundishwa mambo mawili tu: nyumba ipi akimbilie usiku, na asiingie katikati kuamua ugomvi.

Simu ndiyo inayowakamatisha wengi. Mume anayesoma meseji za M-Pesa za mkewe ataona nauli uliyomtumia na jina lako. Kwa hiyo mpe mkononi, au mtumie wakala mnayemjua. Aangalie kwenye WhatsApp sehemu inayoonyesha vifaa vingine vilivyounganishwa na akaunti yake. Mume akiwa amewahi kushika simu dakika mbili, anaweza kuwa anasoma kila kitu kwenye kompyuta ya kazini. Azime kuonyesha mahali alipo. Lakini asifute kila kitu kwa mpigo, simu iliyosafishwa ghafla nayo inaleta maswali. Mipango ya kuondoka ifanywe kwa simu ya mtu mwingine kabisa, ya mwalimu au ya nesi.

Kama bado yupo nyumbani na anaendelea kuumizwa, ushahidi utunzwe nje ya nyumba hiyo. Picha za majeraha zipigwe zikionyesha uso na jeraha pamoja, kisha jeraha kwa karibu, zitumwe kwa mtu anayeaminika na kufutwa. Wewe nawe andika kwenye daftari tarehe, saa, ulichosikia na ulichokiona, bila kuongeza chumvi. Daftari la jirani aliyeandika “saa tano usiku, nimesikia sauti ya mtoto akisema baba usimuue mama” lina uzito mahakamani ambao malalamiko ya jumla hayana.

Milango ya kupitia

Siku ya kuondoka iwe ya kawaida kuliko zote: siku ya soko, siku ya kliniki, Jumapili ya kanisani. Apande Noah ya abiria kama anavyopanda siku nyingine. Usimsindikize kwa msafara wa wanawake sita wenye hasira, maana kufika saa nne habari itakuwa imeshafika kilabuni.

Akiwa ameumia, hospitali ndiyo ya kwanza. Kwa desturi watu wanakimbilia polisi kuchukua fomu ya PF3 ndipo waende kutibiwa, na fomu hiyo ni muhimu, kwa kuwa ndiyo daktari anayojaza majeraha aliyoyakuta na ndiyo inayokwenda mahakamani. Lakini mtu anayevuja damu atibiwe kwanza, fomu itamfuata. Fomu hailipiwi. Ikishajazwa, ipige picha kila ukurasa kabla ya kuirudisha kituoni.

Kama amebakwa, na kubakwa kunatokea hata ndani ya ndoa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinamezwa kwa siku 28. Vidonge vya kuzuia mimba vinaweza kutolewa hadi siku 5, ingawa mapema ni bora. Asioge kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au karatasi, zisitiwe mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu unaozuiliwa ndani huharibu ushahidi.

Baadhi ya hospitali za serikali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, askari, mshauri na afisa ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, na mwanamke hasimulii mkasa wake kwa watu wanne katika majengo manne. Ulizia kama hospitali yenu ya mkoa inacho. Pasipokuwepo, mlango wa polisi ni Dawati la Jinsia na Watoto. Askari wa kaunta akisema mambo ya ndoa mkayamalize nyumbani, usibishane naye. Omba kwa heshima kuonana na afisa wa dawati. Asipokuwepo, mkuu wa kituo. Msiondoke bila namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yenu. Mwanamume anayepigwa na mkewe naye anapokelewa kwenye dawati hilo hilo, japo wachache wana ujasiri wa kuingia.

Mlango wa tatu ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huyu, au dawati la polisi, ndiye kwa kawaida anayeandika rufaa ya kuingia nyumba salama. Mkifika mlangoni kwenye hifadhi bila rufaa mtapokelewa kwa tahadhari, na wana haki: wasipojua nani anaingia, hawawezi kuwalinda waliomo ndani. Mwenyekiti wa kitongoji na balozi wa nyumba kumi wanaweza kusaidia kwa barua ya utambulisho, ila angalia kwanza kama mwenyekiti na mume hawakai meza moja kilabuni. Watoto wakiwa hatarini, 116 ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Ya dharura ya polisi ni 112. Kwa ndugu zetu wa Kenya namba ya ukatili wa kijinsia ni 1195, nayo fomu ya polisi kule inaitwa P3.

Akishaingia

Hifadhi si hoteli na si jela, lakini ina masharti yanayowashangaza wengi. Simu hutumika kwa utaratibu. Wageni hawaji. Huenda asiruhusiwe kwenda kanisani kwao kwa muda. Muda wenyewe una kikomo, wiki au miezi kadhaa, na hadi uishe inatakiwa kesi, kazi na makazi mapya viwe vimepata mwelekeo. Mweleze haya kabla hajaenda, asije akaona amehamishwa kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine.

Kazi yako baada ya hapo ni kufunga mdomo. Mume atakuja kwako, tena atakuja mpole, na zawadi ya maparachichi, akilia, akisema anataka tu kujua kama watoto wanakula. Jibu ni “sijui, shemeji,” na liwe hilo hilo mbele ya mama mkwe, mchungaji na katibu wa kikoba chenu. Usiseme “yuko salama Moshi.” Hilo tayari ni anwani.

Nisimame kidogo kwenye suala la misaada, kwa kuwa linanikera. Watu wanaandaa siku ya kuzaliwa, wanachapisha bango, wanabeba biskuti, wanataka kupiga picha na “wahanga”. Picha moja kwenye status ya mtu inatosha kumwonyesha mume geti, mti wa mwarobaini na rangi ya ukuta. Ukitaka kusaidia, piga simu ofisini uulize wanachopungukiwa. Mara nyingi watakutajia taulo za kike, sabuni, chupi mpya za saizi mbalimbali, mafuta ya kupikia, daftari, na nauli. Nauli hasa: ya kwenda mahakamani, ya shahidi kutoka Rombo, ya kumpeleka mama kijijini kwao Singida wakati wa kuondoka ukifika. Haipendezi kwenye picha, lakini kesi nyingi zinakufa kwa kukosa hiyo.

Kikao cha ukoo na sheria

Kabla wiki haijaisha wazee wataitisha kikao. Sipingi vikao, kuna ugomvi mwingi wa ndoa uliopoa kwa maneno ya mzee mmoja mwenye hekima. Lakini penye kipigo, kumkalisha mwanamke mbele ya aliyempiga na kumwambia aseme kilichotokea ni kumtaka aseme uongo. Kama ukoo unalazimisha, mtu wa upande wake aende kumwakilisha, na yeye asiwepo.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Anayetaka talaka Tanzania Bara anatakiwa kwa kawaida kupita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, likishindwa linatoa cheti ndipo aende mahakamani. Hilo ni la talaka. Kushtaki kwa kupigwa hakuhitaji baraza wala kikao wala ruhusa ya mzee yeyote. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, awe mume au mke. Kinachokosekana Bara ni sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani ya kumwezesha mtu kuomba amri ya kinga, kama Kenya walivyotunga 2015 na Uganda 2010. Kwa hiyo huku tunashonea viraka: kosa la shambulio, Sheria ya Ndoa, Sheria ya Mtoto. Ndiyo maana mwanasheria wa shirika au msaidizi wa kisheria wa kata anahitajika mapema, na huduma yao ni ya bure.

Hofu inayowarudisha wengi ni ya mali: “Nikitoka nimepoteza nyumba.” Mwambie haiko hivyo. Tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Na mume haruhusiwi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe wakati ndoa ingalipo. Mke anaweza kuweka zuio, na zile picha za hati alizopiga ndipo zinapofanya kazi. Kuhusu watoto walio chini ya miaka 7, sheria inaanza kwa kudhani kwamba ni vema wakae na mama, ingawa mahakama inaweza kuamua vingine. Mkuu wa shule aambiwe kwa maandishi nani anaruhusiwa kumchukua mtoto getini.

Anaweza kurudi kwa mumewe. Wengi hurudi, kwa sababu ya ada ya shule, ya aibu, au kwa kuwa bado wanawapenda waume zao. Usimkatie simu, na usimwambie “nilikwambia.” Acha zile karatasi zibaki ulikozihifadhi.

Asiporudi na kesi ikafunguliwa, itaahirishwa, na itaahirishwa tena. Mashahidi ndio wanaochoka kwanza, na nawe uliyeandika kwenye daftari ni shahidi. Kabla hamjatoka mahakamani muulizeni karani tarehe inayofuata na chumba, kila mmoja aiandike kwenye simu yake, na muamue hapo hapo nani atalipa nauli ya nani.